Daftari la Mwalimu na Maradhi Yasiyojua Mpaka

Tarehe 14 Julai 2019 ilithibitishwa mjini Goma kwamba mhubiri mmoja, aliyewasili kwa basi kutoka Butembo, alikuwa na ugonjwa wa Ebola. Kutoka Goma hadi Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu upande wa Rwanda, si safari, ni matembezi. Miji hiyo miwili imekaa ukingoni mwa ziwa moja, Kivu, chini ya mlima mmoja wa moto, Nyiragongo, na baina yake hapana mto wala bonde, ila kizuizi cha barabarani. Katika kivuko kidogo, ambacho watu wa pande zote mbili wamezoea kukiita kwa jina lake la Kifaransa, Petite Barrière, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakipita kila siku: akina mama wenye vikapu vya nyanya na vitunguu, walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni magunia, na watoto wenye sare za shule, wengine wakitoka Goma kuja kusoma Gisenyi, wengine wakitoka Gisenyi kwenda kusoma Goma.

Siku tatu baada ya habari ya mhubiri yule, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo ni dharura ya ulimwengu. Tarehe 1 Agosti, baada ya wagonjwa wengine kuonekana Goma, mpaka ulifungwa kwa saa chache, kisha ukafunguliwa siku hiyohiyo. Yafaa ikumbukwe pia kwamba mwezi Juni mwaka huohuo mgonjwa wa kwanza kutambuliwa nje ya Kongo katika mlipuko ule alikuwa mtoto wa miaka 5, aliyevushwa na jamaa zake kuingia wilaya ya Kasese, Uganda, akafia huko. Kwa hiyo kila mwalimu mkuu wa mpakani alikuwa na sababu ya kutazama lango la shule yake kwa jicho jipya.

Kila shule ulimwenguni ina kanuni iliyo nyepesi kuandikwa: mtoto mgonjwa abaki nyumbani. Hakuna anayeipinga. Lakini kanuni hiyo inachukulia kwamba nyumba ya mtoto inajulikana ilipo, kwamba ndani yake yumo mtu mzima mchana, na kwamba mtu huyo haogopi kusema mtoto ana homa. Gisenyi ni mahali ambapo mambo hayo matatu hayawezi kuchukuliwa kuwa ya hakika, na ndiyo maana historia ya afya ya wanafunzi katika mji huo na katika Rwanda nzima yastahili kusimuliwa. Ni historia inayoonyesha kwamba amri peke yake haijamkinga mtoto hata mmoja. Kilichowakinga watoto ni daftari la mwalimu, likiwa na majina ya kweli, na imani ya mzazi kwamba jina la mwanawe halikuandikwa ili kumdhuru.

Imani hiyo haikukuta uwanja mtupu. Kusini mwa Ziwa Kivu, katika bonde la mto Ruzizi unaotiririka kutoka ziwa hilo, utawala wa kikoloni wa Kibelgiji uliendesha zoezi kubwa kati ya Februari na Aprili 1958. Kwa muda wa majuma yapatayo sita, watu zaidi ya 215,000, wakubwa kwa wadogo, walipewa mdomoni chanjo ya ugonjwa wa kupooza iliyotengenezwa na Hilary Koprowski, mtafiti wa Marekani mzaliwa wa Poland. Ilikuwa bado chanjo ya majaribio. Taarifa yake ilichapishwa mwaka huohuo katika jarida la madaktari wa Uingereza, hesabu zikiwa zimepangwa vizuri. Ridhaa ya mzazi, kama inavyoeleweka leo, haikuwa sehemu ya utaratibu wa wakoloni. Mwananchi aliitwa, akaja, akafunua kinywa.

Deni la ukimya ule lililipwa baadaye. Mwaka 1999 mwandishi wa Uingereza, Edward Hooper, alitoa kitabu kinene akidai kwamba chanjo hiyo ndiyo iliyoleta UKIMWI. Dai hilo halikusimama. Mabaki ya chanjo yaliyokuwa yamehifadhiwa yalipimwa na hayakukutwa na virusi vya UKIMWI wala chembe za sokwe, na mwaka 2004 wachunguzi walionyesha kwamba virusi vya sokwe wa eneo la Kisangani ni vya ukoo mwingine kabisa. Lakini je, ni wazazi wangapi waliosikia dai, na ni wangapi waliosikia jibu? Uvumi hupata makao pale ambapo watu walitendewa jambo bila ya kuelezwa.

Rwanda huru ilianza mpango wake wa chanjo za watoto mwishoni mwa miaka ya 1970: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, kupooza, surua. Kazi hiyo ilikuwa ikisonga mbele mpaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambapo wauguzi waliuawa au walikimbia, majokofu ya chanjo yaliporwa, na kumbukumbu zikatupwa. Mwaka huo chini ya mtoto mmoja kati ya wanne ndiye aliyekuwa amekamilisha chanjo za surua na kupooza. Mwezi Julai mamia ya maelfu ya watu walimiminika kupitia Gisenyi kuingia Goma kwa siku chache tu. Wakapiga kambi juu ya mawe ya volkano ambayo hayachimbiki choo wala kaburi. Kipindupindu kiliingia, kikafuatwa na ugonjwa wa kuhara damu, na katika mwezi wa kwanza walikufa watu wanaokadiriwa kukaribia 50,000. Mtu yeyote wa Gisenyi aliyekuwa na akili timamu mwaka ule hahitaji kufundishwa maana ya maji machafu.

Kutoka hapo hadi mwaka 2011 ni miaka 17 tu. Mwezi Aprili mwaka huo Rwanda ikawa nchi ya kwanza barani Afrika kutoa kwa taifa zima chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Ugonjwa huo ulikuwa ukiwaua wanawake wa nchi hiyo kuliko ilivyodhaniwa. Makadirio ya mwaka 2010 yalikuwa wagonjwa wapya 986 na vifo 678, katika nchi ambayo wengi hufika hospitali wakati mwili umekwisha kushindwa. Chanjo yenyewe ina sharti gumu: yafaa itolewe kabla msichana hajaanza maisha ya ndoa, na wakati ule ilihitaji sindano 3 katika muda wa miezi michache. Mtoto mchanga hupelekwa kliniki na mama yake. Msichana wa miaka 12 asiyeumwa hapelekwi popote. Atapatikana wapi?

Atapatikana shuleni. Wakati huo zaidi ya asilimia 95 ya wasichana wa Rwanda walikuwa wameandikishwa shule za msingi, na wale wa darasa la 6 walikuwa tayari wameorodheshwa na walimu wao, jina kwa jina. Hii ndiyo hekima iliyokuwamo katika mpango ule: haukuunda orodha mpya, ulitumia ile ambayo mwalimu huiita kila asubuhi. Kabla ya sindano ya kwanza, wazazi walielezwa na walimu, viongozi wa mitaa, viongozi wa dini, na wahudumu wa afya wa vijijini ambao walikuwa wapatao 45,000 nchi nzima. Siku ya chanjo muuguzi alikuja darasani na sanduku lake la baridi. Aliyekosekana siku hiyo, au aliyekuwa ameacha shule, alifuatwa nyumbani na mhudumu wa afya wa kijiji chake.

Wasichana 93,888 walipata sindano ya kwanza, yaani asilimia 95 ya wasichana wote wa darasa hilo. Waliomaliza ya tatu, mwezi Oktoba, walikuwa asilimia 93. Anayejua jinsi ilivyo vigumu kumrudisha mtu kwa sindano ya pili, achilia mbali ya tatu, ataelewa kwamba tofauti hiyo ya asilimia 2 ni jambo la kustaajabisha. Nchi nyingi tajiri, zenye chanjo hiyohiyo na fedha nyingi zaidi, zilikuwa hazijafika hata karibu.

Ndipo ilipozuka hoja kutoka Ulaya. Katika jarida la madaktari la Lancet, mwaka huohuo 2011, watafiti waliokuwa wakifanya kazi Ujerumani waliandika wakitilia shaka mpango huo. Walisema yapo maradhi mengine ya kushughulikiwa kwanza, kama vile pepopunda na surua, na kwamba mfadhili wa chanjo, kampuni ya Merck ya Marekani, alikuwa na masilahi yake. (Gisenyi yenyewe ilikuwa kituo cha jeshi la Wajerumani hadi 1916, na hakuna kumbukumbu kwamba wakati ule kuna aliyeuliza ni lipi linalowafaa wenyeji kwanza.) Agnes Binagwaho, aliyekuwa Waziri wa Afya, pamoja na wenzake, walijibu katika jarida lilelile. Walieleza kwamba chanjo za maradhi yaliyotajwa zilikuwa tayari zikiwafikia zaidi ya asilimia 90 ya watoto wa Rwanda, na kwamba kumwambia mwanamke wa Kiafrika asubiri kinga ambayo binti wa Ulaya anapewa ni kupima watu kwa mizani miwili.

Jibu hilo lilikuwa la haki. Hata hivyo si kila neno la wapinzani lilikuwa upepo. Merck iliahidi chanjo ya bure kwa miaka 3, na zawadi yenye tarehe ya mwisho si zawadi kamili. Siku inapokwisha, serikali hubaki na maelfu ya wasichana wanaongoja na muuzaji mmoja mwenye bei yake. Tatizo hilo lilipata nafuu mwaka 2013, pale Gavi, ushirika wa kimataifa wa chanjo, ulipopata bei ya dola 4.50 kwa dozi moja, ilhali katika nchi tajiri dozi hiyo ilikuwa ikiuzwa zaidi ya dola 100. Mwaka 2014 Rwanda ikaendelea kwa msaada wa ushirika huo. Wakati huohuo, mwaka 2012 na 2013, wasichana wa mwaka wa 3 wa sekondari, ambao umri uliwapita kabla mpango haujaanza, walichanjwa pia. Na mwezi Machi 2013 ikafanyika kampeni ya surua na rubela kwa watoto wote tangu miezi 9 hadi miaka 14. Wengi wao walikuwa wanafunzi, na kwa mara nyingine madarasa yaligeuka kuwa zahanati kwa siku chache.

Chanjo hutolewa siku moja na muuguzi huenda zake. Dawa ni jambo la kila siku, na hapa kanuni za shule zimekuwa na ugumu mwingine. Uchunguzi wa mwaka 2007 na 2008 ulionyesha kwamba wanafunzi 66 katika kila 100 nchini Rwanda walikuwa na minyoo ya tumboni. Kidonge cha minyoo hakina matata: kimoja, mbele ya mwalimu, mara mbili kwa mwaka, watoto wote pamoja, na hakuna anayemcheka mwenzake. Dawa ya malaria ambayo Rwanda iliichagua mwaka 2006, ile ya mchanganyiko, humezwa asubuhi na jioni kwa siku 3. Mwanafunzi wa kutwa anaweza kuimaliza nyumbani bila ya shule kujua. Mwanafunzi wa bweni hana budi kutunziwa na muuguzi wa shule, la sivyo atameza vidonge vya siku ya kwanza, atasikia nafuu, na vilivyobaki atampa rafiki anayeumwa kichwa.

Kwa hiyo shule za bweni huweka amri kwamba dawa zote zikabidhiwe kwa muuguzi. Ni amri ya busara kwa dawa ya malaria. Lakini tumfikirie kijana aliyezaliwa na virusi vya UKIMWI, ambaye hana budi kumeza dawa kila siku, saa ileile, maisha yake yote. Akikabidhi dawa, ataonekana akienda chumba cha muuguzi kila jioni, na bweni zima litaanza kuhesabu. Akizificha sandukuni, amevunja kanuni. Akikaguliwa, chupa itatolewa mbele ya wenzake. Vijana wa namna hiyo wamejulikana kote Afrika Mashariki, na wapo walioacha dawa kwa kuogopa macho ya watu kuliko ugonjwa. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu ya Rwanda ilikuwa na sera ya taifa ya afya shuleni iliyogusa UKIMWI, lishe, usafi wa mazingira na hata afya ya akili. Karatasi hiyo ni nzuri. Hata hivyo siri ya kijana yule haimo katika karatasi. Imo katika mdomo wa muuguzi mmoja na mwalimu mmoja wa zamu.

Hofu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa hatari kubwa wakati wa Ebola. Vipima joto viliwekwa mpakani, na ndoo za kunawia mikono zikasimamishwa kwenye malango. Kipima joto ni chombo cha kweli, lakini hupima joto la dakika ile tu. Kidonge cha kutuliza homa kinachouzwa kila duka kikitolewa alfajiri, mtoto mwenye homa atapita saa moja asubuhi akiwa baridi kama wenzake. Mama anayefanya hivyo si mwovu. Anajua kwamba mtoto akirudishwa naye hatakwenda sokoni, na asipokwenda sokoni hakuna chakula cha jioni. Shule inayomfukuza kila mwenye homa bila ya kumwonyesha mzazi mahali pa kumpeleka inawafundisha watu kuficha.

Serikali ya Rwanda haikutegemea vipima joto peke yake. Mwezi Desemba 2019 ilianzisha Rubavu zoezi la chanjo ya Ebola iliyotengenezwa na kampuni ya Johnson & Johnson, likapewa jina la Kinyarwanda Umurinzi, yaani mlinzi. Lililenga watu wa wilaya za mpakani, Rubavu na Rusizi, wakiwamo watoto tangu umri wa miaka 2, kwa ridhaa ya wazazi wao. Inafaa kusimama hapa kidogo. Rusizi ni wilaya inayochukua jina la mto uleule wa mwaka 1958. Miaka 61 baada ya watu kuitwa wafunue vinywa, wazazi wa kando ya ziwa lilelile walielezwa, wakauliza maswali, wakatia sahihi au wakakataa. Watu zaidi ya 200,000 walikubali sindano ya kwanza.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Novemba 2019, chanjo hiyohiyo ilikuwa imeanza kutolewa katika baadhi ya mitaa ya Goma. Dozi yake ya pili hutolewa siku 56 baada ya ya kwanza, na kabla wengi hawajafikisha siku hizo likaja janga la Covid. Mgonjwa wa kwanza nchini Rwanda alitambuliwa tarehe 14 Machi 2020. Shule zikafungwa tangu tarehe 16, na siku chache baadaye mipaka nayo ikafungwa. Shule zilianza kufunguliwa tena Novemba 2020. Wapita kwa miguu wa Goma na Gisenyi walisubiri hadi Machi 2022. Mlipuko wa Ebola ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200 upande wa Kongo. Rwanda haikupata mgonjwa hata mmoja.

Mwaka 2024 kanuni za shule zilirudi tena katika habari. Tarehe 27 Septemba ulitangazwa mlipuko wa Marburg, ndugu wa karibu wa Ebola, na miongoni mwa hatua za kwanza za serikali ilikuwa kusimamisha wazazi kuwatembelea watoto wao katika shule za bweni. Kwa mzazi aliyekwisha kufunga kifurushi cha karanga na sabuni, hilo lilikuwa neno zito. Lakini ugonjwa ule ulikuwa ndani ya hospitali, ukiwashika zaidi wauguzi na madaktari, na wengi wao ni wazazi pia; aliyekuja kutembelea angeweza kuwa ndiye aletaye. Walipatikana wagonjwa 66, wakafa 15, na tarehe 20 Desemba mlipuko ukatangazwa kwisha. Ridhaa haikuombwa safari hii, wala haikuwa na nafasi ya kuombwa. Wazazi walitii kwa sehemu kubwa kwa sababu katika miaka 13 iliyotangulia walikuwa wameulizwa mara nyingi.

Linabaki jambo moja ambalo daftari la mwalimu halikulimaliza. Katika miaka ile ya mwanzo ya chanjo ya wasichana, Kongo haikuwa nayo katika mpango wake wa taifa. Binti wa Goma aliyekuwa akisoma darasa la 6 Gisenyi alikuwamo katika orodha ya darasa, ilhali dada yake aliyesoma jirani na nyumbani hakuwa na orodha ya kuandikwa. Na binti wa Gisenyi aliyevuka kila asubuhi kwenda kusoma Goma hakuitwa na mwalimu wa upande wowote. Alibaki kumtegemea mhudumu wa afya wa kijiji chake, aje agonge mlango, na amkute mtu nyumbani siku ambayo mama yuko ng'ambo sokoni na mtoto yuko ng'ambo darasani.